Chujio Ambalo Lindsay Hakulijua

Miaka thelathini na nne Lindsay Crouch alilipwa mshahara kwa kusafisha machujio. Si machujio ya chai. Yalikuwa machujio ya chuma, marefu kuliko yeye, yaliyofungwa kwenye midomo ya pampu zinazovuta maji ya mto Murray, kule Australia, kuyapeleka mashamba ya zabibu. Magugu yakinasa, aliitwa Lindsay. Samaki wakinasa, Lindsay. Siku kilipotolewa kiti cha plastiki kikiwa na miguu yote minne, Lindsay ndiye aliyekitoa, na mpaka leo anakisimulia kama mtu aliyeua simba. Alikuwa na usemi wake aliowamiminia vijana wote waliopita chini yake: "Pampu haifi. Pampu huuawa na mvivu aliyesahau chujio." Alipostaafu walimpa saa ya ukutani, wakapumua.

Sasa mtu wa namna hiyo, mashine ya kuoshea vyombo ya nyumbani kwake ikianza kunuka mfereji, angefikiria nini kwanza? Mtoto wa darasa la tatu angesema chujio. Lindsay alisema mkwe.

Mkwe mwenyewe aliitwa Pelenaise, Mtonga wa kisiwa cha Vava'u katika bahari ya Pasifiki, na kila mtu pale Carrow Bend alimwita Naise. Alikuja kuchuma zabibu kwa msimu mmoja, Craig mtoto wa Lindsay akamchuma yeye, basi msimu ukawa ndoa. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Craig alikuwa dereva wa lori la Adelaide, akionekana nyumbani Jumamosi na Jumapili tu, tena akiwa amelala. Na Noreen, mke wa Lindsay, alikuwa ameondoka tangu Februari kwenda Ballarat kumuuguza dada yake aliyevunjika nyonga. Kwa hiyo katika nyumba ile walibaki watatu: mzee, mkwe na mashine.

Naise aliosha vyombo kwa mkono. Maji ya moto, sabuni, sifongo, kisha maji safi, kama alivyofunzwa kwao. Akimaliza alifungua mashine, akavipanga ndani vikauke, mlango akauacha wazi kidogo. Nyumba zote za Kitonga mjini pale zilifanya hivyo. Mashine kwao ilikuwa kichanja kizuri chenye mlango.

"Naise, mama," Lindsay alikuwa akimwambia, "hiyo ni mashine. Si kabati."

"Najua, Baba. Lakini inakausha vizuri sana ikiwa imezimwa."

Lindsay hakuona mzaha wowote hapo. Usiku akishamaliza mbavu zake za kondoo, sahani yake ilikwenda mashineni kama ilivyotoka mezani: mafuta yameganda, kimfupa pembeni, na mbegu za zeituni zikibingirika. Kukwangua sahani aliona ni kuidharau mashine. Aliisukuma katikati ya vyombo safi vya Naise, akatupia kidonge cha sabuni, akabonyeza kitufe. Asubuhi vyote vilitoka na ukungu wa mafuta na chembechembe kama mchanga, vyake na visivyo vyake, na harufu juu.

"Unaona?" alisema, akiinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha. "Unaona vyombo vyako hivi?"

Naise alikipokea kikombe, akakiosha tena. Kwao mtu hambishii baba wa mume kwa sababu ya kikombe.

Yangeishia jikoni, ningekuwa sina la kusimulia. Lakini Lindsay alikuwa mwanachama wa klabu ya tufe, ule mchezo wa wazee waliovaa nyeupe wanaoviringisha tufe kwenye nyasi zilizonyolewa kuliko ndevu zao. Ijumaa moja rafiki yake Kel Dargan alimchokoza.

"Wewe Lindsay, siku hizi chakula cha mchana hapa, cha jioni hapa. Nyumbani kuna njaa?"

"Nyumbani vyombo vinanuka, bwana."

"Vinanukaje na una mashine?"

"Muulize mkwe wangu. Kaigeuza banda la kuku. Tui la nazi, mafuta, sijui majani gani. Kikombe cha chai nakinusa kwanza kama mbwa."

Wazee wakacheka mpaka Kel akamwaga bia. Lindsay alipenda sana kuchekewa. Tangu astaafu hakuwa na kingine cha kuwapa watu. Akaongeza chumvi kidogo, akaiga Naise akipanga sahani, wakacheka tena. Kwenye meza ya pili Val Tunstall, mkuu wa meza ya chai pale klabuni, alikuwa akipanga vikombe. Yeye hakucheka. Alilichukua neno lile kama mama anavyochukua kiporo, akaenda kulipasha moto kwingine.

Jumatano iliyofuata ilikuwa siku ya mashindano, na siku ya mashindano kila mama huja na sahani. Ukiambiwa "njoo na sahani" halafu ukaja na sahani tupu, utachekwa hadi siku ya mazishi yako. Chakula ndicho kinachotakiwa. Chini ya sahani hubandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, irudi nyumbani kwake. Noreen hakuwepo, basi Naise akasema ataenda na ya nyumba ya Crouch. Aliamka alfajiri akakaanga keke za kwao, yale matonge ya unga ya duara, dada zake kalimati ila yamekula yakashiba. Arobaini. Akazipanga kama piramidi, akavaa gauni la kanisani.

Keki za krimu ziliisha. Mkate wa mayai uliisha. Hata biskuti za dukani za mke wa Kel, ambazo hajawahi kuzimaliza mtu, ziliisha. Keke arobaini zilikaa arobaini. Naise alisimama nyuma ya sahani yake akitabasamu, tabasamu likizidi kuwa zito.

"Onja moja, Mama Val."

"Leo tumbo haliko sawa, mwanangu," alisema Val, mdomo umejaa krimu.

Lindsay alikuwa kando ya birika, hatua nane kutoka pale. Alijua. Hakuhitaji kuambiwa. Hatua nane, achukue keke moja, aitafune mbele ya watu, aseme jamani hizi tamu. Miguu ilikataa. Badala yake alitoka nje kwenda kulitazama tufe lake kwenye nyasi, kana kwamba lingetoroka.

Njiani kurudi, sahani ilikuwa mapajani mwa Naise.

"Baba, keke zangu zina nini?"

"Hazina kitu."

"Basi kwa nini?"

"Watu wa huku, mama, wamezoea krimu."

Alipofika nyumbani Naise aliiosha ile sahani mara tatu. Lindsay aliihesabu milio ya bomba kutoka sebuleni, na kila lilipofunguliwa upya alihisi kama amekanyagwa. Alikula keke mbili. Zilikuwa tamu, na hilo halikumsaidia hata kidogo.

Jumatatu mashine ikagoma. Iliimba, ikakohoa, ikasimama. Ukifungua mlango, maji ya kijivu yametuama chini na harufu yake inakufukuza mpaka uani. Lindsay akaita fundi. Aliyekuja alikuwa binti, Tegan Bourke, mikono imejaa michoro, mkanda wa vifaa kiunoni. Baba yake alifanya kazi chini ya Lindsay miaka kumi na mmoja.

"Shikamoo, Mjomba. Imefanya nini?"

"Imeuawa," alisema Lindsay, kwa sauti ya kutosha kufika pale alipokuwa Naise akikunja nguo. "Matumizi mabaya."

Tegan alipiga magoti, akatoa trei ya chini, akayateka maji kwa kikombe. Kisha akaingiza mkono sakafuni mwa mashine, akashika kitu cha duara, akakizungusha robo, akakiinua.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijua mwosha. Kilichotoka mle kilikuwa kama kikombe cha wavu, ila wavu wenyewe haukuonekana. Ulivikwa utelezi mzito wa kijivu, kama uji uliokaa wiki nzima kwenye sufuria. Tegan alikiweka juu ya gazeti, akakichokoa kwa bisibisi. Kimfupa cha mbavu za kondoo. Kingine. Mbegu za zeituni, tisa. Ganda la yai. Karatasi ya chupa ya haradali. Kijiti cha kuchokolea meno kimevunjika katikati.

"Mjomba, hili chujio mara ya mwisho limesafishwa lini?"

"Chujio lipi?" alisema Lindsay.

Naise alikuwa amefika mlangoni, shati la Craig mkononi. Tegan alimtazama mzee taratibu kutoka viatu hadi upara, kama mtu anayekagua kama hilo ni jengo halali.

"Chujio lipi?" Akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Mjomba, baba yangu anaota usingizini 'pampu huuawa na mvivu aliyesahau chujio'. Mama anamsikia! Na wewe unaniuliza chujio lipi?"

"Sikujua kama hizi nazo..."

"Ina pampu humu ndani. Ina maji. Sasa uchafu ungekwenda wapi, mbinguni?" Akageukia mlangoni. "Dada, wewe ndiye unayeitumia?"

"Mimi naanikia vyombo tu," alisema Naise. "Hata kitufe cha kuiwasha sikijui. Na kondoo siwezi kumla tangu mimba hii. Harufu."

"Zeituni je?"

"Sijawahi kula."

Tegan akatazama mbegu zile tisa, akamtazama Lindsay. Kisha kitu kikamjia kichwani, na kwa kuwa ni kijana, kikatoka kabla hajakikagua. "Kumbe mashine yenyewe ndiyo hii! Mama alisema kule klabuni wanasema kwamba..." Akafunga mdomo. Alianza kukusanya vifaa haraka haraka.

"Wanasema nini?" Naise aliuliza.

"Hakuna kitu, dada."

"Sema. Si ndimi ninayesemwa?"

Tegan akainamia vifaa vyake. Naise alimtazama baba mkwe wake. Lindsay alitazama gazeti, ambako vimfupa vyake vilikuwa vimelala vikingoja mwenyewe. Masikio yalimuwaka mpaka akadhani wekundu wake unaonekana. Naise alilikunja lile shati kwa utulivu, mikono kwa ndani, ukosi juu, akaondoka nalo.

Fundi alipokwenda, Lindsay alimpigia simu mkewe.

"Noreen, unajua mashine ya vyombo ina chujio?"

"Baba Craig, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nilikuwa napiga magoti pale. Ulidhani nasali?"

"Nilidhani umeangusha kijiko."

"Miaka kumi na sita, kijiko kila mwezi!"

"Ni mashine ya kuosha, Noreen. Nilijua inajiosha."

"Na beseni la kuogea je? Nalo linajisugua, kwa vile unaogea humo?" Akavuta pumzi. "Chukua kalamu."

Aliandika kama mwanafunzi. Chujio chini ya bomba la moto, kwa mswaki wa zamani, ndani na nje, na likirudishwa lizungushwe mpaka likaze. Zile panga zinazorusha maji zitolewe, kila tundu lizibuliwe kwa kijiti cha meno. Mpira wa mlango ufutwe kwa kitambaa chenye siki, hasa ukingo wa chini, maana huko ndiko uozo hujificha. Kisha kikombe cha siki kwenye trei ya juu, mashine iendeshwe tupu kwa maji ya moto kabisa. Na sahani zikwanguliwe, Lindsay, zikwanguliwe.

"Umemsingizia nani?" aliuliza mwishoni.

"Kwa nini unadhani nimemsingizia mtu?"

"Miaka arobaini na moja nimeolewa na wewe," alisema Noreen, akakata simu.

Alipiga magoti. Goti la kushoto lililia, la kulia likaitikia. Alisugua chujio mpaka wavu ukaonekana, ukang'aa, na kadiri ulivyong'aa ndivyo alivyozidi kujiona mchafu. Alizibua matundu moja moja. Katika tundu la tano akatoa kipande cha ngozi ya nyanya kilichokunjwa kama barua. Alifuta mpira, na kitambaa kilitoka cheusi. Kazi hii aliijua. Mikono yake iliijua kuliko alivyojua majina ya wajukuu wa dada yake. Angeweza kuifanya muda wote ule, kama angeshuka chini mara moja akatazama, badala ya kusimama na kunyoosha kidole.

Naise alipoingia kuchota maji, alimkuta bado yuko chini.

"Naise, mama. Ni mimi niliyeiharibu mashine. Na nilikusema vibaya kule klabuni. Naomba unisamehe."

Naise alijaza glasi yake mpaka juu. "Ahsante, Baba. Lakini jikoni humu hakuna aliyekataa keke zangu."

Akatoka na maji yake.

Kabla ya Jumatano Lindsay alijaribu njia za panya. Alimfuata Val dukani, mbele ya viazi, akamnong'oneza kwamba lile jambo la vyombo, eh, halikuwa hivyo hasa.

"Jambo gani, Lindsay? Mimi sijasema jambo lolote kwa mtu yeyote," alisema Val, na ukiona mtu amekana hivyo ujue amesema kwa wote.

Akamwambia Kel, labda Kel awaambie wengine. Kel akamjibu, "Mimi ni redio yako?" Basi ikabaki njia moja. Alimwomba Naise aende naye klabuni. Asipike chochote, aende tu. Naise alikubali kwa kutikisa kichwa. Alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini.

Saa kumi, Kel alikuwa ameshika kipaza sauti akichezesha bahati nasibu ambayo zawadi yake ni trei ya nyama.

"Nipe hicho," Lindsay alimwambia.

"Hujashinda. Kaa chini."

"Nipe, Kel."

Alisimama mbele yao, watu hamsini na kitu, wengi wao amewajua tangu wana nywele. Akaeleza. Mashine inanuka, akasema ni mkwe. Fundi akaja, akauliza chujio. "Na mimi, miaka thelathini na nne ya machujio," alisema, "nikamuuliza: chujio lipi?"

Ukumbi ulipasuka. Kel aliinamia meza. Mtu nyuma akapiga kelele, "Chujio Lipi!" na hapo hapo jina likashika, litachongwa hata kwenye jiwe la kaburi lake. Lindsay akahesabu mbegu za zeituni kwa vidole, wakacheka zaidi. Akasema vyombo safi katika nyumba ile ni vya Naise peke yake, na kwamba aliviharibu yeye. Wakapiga makofi. Val, mwekundu kama nyanya, alivuka ukumbi na kumshika Naise mkono.

"Mwanangu, wiki ijayo utatuletea vile vitu vyako vya mviringo, eh?"

"Nitaona," alisema Naise.

Lindsay aliendesha gari kurudi akiwa mwepesi kama aliyetua gunia. Pande zote mbili mizabibu ilikuwa imeanza kupukutisha majani. Hata alianza kupiga mluzi.

"Umesema vizuri, Baba," alisema Naise. "Wamecheka."

"Ndiyo, wamecheka."

"Umesema habari za mashine." Alikuwa akitazama mbele. "Ile Jumatano ya keke ulikuwa umesimama pale penye birika. Nilikuwa nakuangalia. Nilisema moyoni, Baba atakuja."

Mluzi ulikuwa umekufa zamani.

"Ulijua kwa nini hawali?"

Kulikuwa na njia nyingi za kujibu, na zote zilimpitia kichwani, zile za tumbo la Val na za krimu. Aliziona zilivyo.

"Nilijua."

"Hilo hukusema."

Ni kweli, hakusema. Alikuwa amewapa ile aibu inayochekesha, ya mzee na chujio, akajisuuza kwayo juu juu; ile nyingine ilikuwa bado imeshikilia ndani. Alipunguza mwendo. Gari likaenda mita mia, mia mbili. Mbele ya banda la kukaushia zabibu Lindsay aligeuza usukani, akarudi alikotoka.

Aliegesha mbele ya mlango wa klabu, hakuzima injini. Ndani walikuwa wakipangusa meza. Hakukuwa na kipaza sauti tena.

"Chujio Li..." alianza Kel.

"Nyamaza, Kel." Hajawahi kumwambia hivyo maishani. "Kuna sehemu nimeiruka. Siku ile mlipoziacha keke za mtoto huyu, nilikuwa nimesimama pale. Nilijua ni kwa sababu ya maneno yangu. Ningeweza kusema. Nikatoka nje nikamwacha amesimama peke yake, na njiani akaniuliza, nikamdanganya."

Hakuna aliyecheka. Val alishikilia kitambaa cha vyombo bila kukifanyia chochote. Lindsay alingoja kidogo, labda mmoja wao angemwokoa kwa mzaha. Hakuna aliyemwokoa. Kel alikuwa akitazama viatu vyake. Lindsay hakujua mikono aiweke wapi, akaiweka mifukoni, akaitoa tena, akatoka.

Naise alikuwa ameshusha kioo cha gari.

"Nimesikia," alisema, akakipandisha.

Lindsay aliingia, akafunga mkanda, akaingia barabarani polepole, masikio yakimuwaka hadi shingoni.